Yuko, Anakuja Sasa Hivi

Siku binti yangu alipobebwa mgongoni kupelekwa kwa mama yake kazini, mama yake hakuwa kazini. Naanza na hilo ili mtu asidhani nataka kumzungusha. Nilikuwa Tororo, kwenye dawati la tatu kutoka mlangoni, naandika mtihani wa muhula wa diploma ya uuguzi. Nyumbani nilikuwa nimesema niko zamu.

Mimi ni nesi. Nilizaliwa upande wa Kenya, nikaolewa upande wa Uganda, na kituo cha afya ninachofanyia kazi kiko njia ya Buhehe, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kwa wakwe zangu. Kwa miaka tisa nilikuwa nesi wa cheti. Kama hujui maana yake, ngoja nikwambie. Msichana amemaliza diploma juzi, analetwa kwenu, unamwonyesha mshipa wa mtoto mchanga unatafutwa wapi, unamshika mkono asitetemeke, halafu mwisho wa mwezi yeye ndiye anayekusainia fomu. Kisha mikutanoni tukaanza kuambiwa kwamba watu wa cheti waende wakasome, la sivyo nafasi zao zitapewa wengine. Waende wakasome! Kwa pesa za nani, na watoto wabaki na nani, hayo hayakuwa kwenye ajenda.

Nikamweleza mume wangu. Yeye ni dereva wa lori la masafa, anapeleka mizigo mpaka Juba, na akiwa nyumbani anakuwa amechoka kusikiliza. "Shule gani tena?" akaniuliza. "Si uko na kazi?" Jambo likapelekwa kwenye kikao cha familia, mimi nimekaa mkekani nasikiliza maisha yangu yakipangwa na watu wanaokunywa chai yangu. Ikaamuliwa kwamba shemeji yangu mdogo, aliyekuwa chuoni Kampala, amalize kwanza, na mshahara wangu ndio umsomeshe. Mama mkwe ndiye aliyefunga mjadala. "Musawo," akasema, "wewe tayari ni musawo." Huku ndivyo tunavyoitwa sote tunaovaa nguo za hospitali, daktari kwa nesi, lakini yeye alilitamka kwa fahari, na fahari hiyo ilinikata maini. Shemeji akarudia mwaka. Akarudia tena. Nilikasirika mpaka nikawa siwezi kula nao ugali sahani moja.

Basi nikajiandikisha kimyakimya. Chuo kile cha Tororo kinapokea watu walio kazini, unakwenda siku kadhaa kila mwezi kisha unarudi kwenye wodi yako. Karo niliitafuta kwa kudunga sindano kwenye duka la dawa mjini Busia siku zangu za kupumzika, na siku hizo pia nyumbani niliaga kwamba niko zamu. Nilikuwa zamu maisha yangu yote. Nina watoto watatu, wawili walikuwa shule ya msingi, na huyu kitindamimba alikuwa na miaka mitatu. Alikuwa akicheza uani peke yake na makopo, ukimwuliza anafanya nini, anakujibu bila kuinua kichwa, "Niko zamu." Tulicheka sana na neno hilo.

Ruhusa ya masomo niliiomba kazini mara mbili, mara mbili nikaambiwa kituo hakina watu. Mwenzangu mmoja, nesi tuliyeanza naye kazi siku moja, akakubali kunishikia zamu zangu, nami nimrudishie zake baadaye. Uongo tuliupanga pamoja, lakini maneno yalikuwa yangu. Mtu yeyote akiniulizia, awe mkubwa kutoka wilayani au jirani, yeye ajibu, "Yuko, anakuja sasa hivi." Nilimweleza kabisa kwa nini. Mtu akisikia haupo, atauliza uko wapi. Akisikia unakuja, anatulia. Nilijiona mjanja, jamani.

Asubuhi ya mtihani mtoto aliamka na joto. Nilimgusa shingo. Mimi, nesi wa miaka tisa, nilimgusa shingo, nikampa dawa ya homa, nikamwambia mama mkwe, "Akizidi, mlete kituoni." Nilitamka hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe! Ilikuwa mazoea tu. Nilikuwa nimesema uongo siku nyingi kiasi kwamba sikuusikia tena ukitoka. Nikavaa sare, nikashika njia ya kituoni mpaka nilipopinda kona, kisha nikapanda bodaboda kwenda barabara kuu.

Yaliyofuata nimeyaunganisha kidogo kidogo, mengine kwa mama mkwe, mengine kwa mwenzangu, mengine kwa mama anayefagia pale kituoni. Saa tatu mtoto akaanza kutapika. Mama mkwe akamfunga mgongoni kwa leso, akatoka. Njiani kuna kliniki ya mtu binafsi, ndogo lakini ina kila kitu, na mwenyewe na mama mkwe wanasali kanisa moja. Akamsalimu mama, akamwuliza mtoto ana nini. "Huyu nampeleka kwa mama yake," mama akajibu, wala hakusimama.

Alipofika hakupanga foleni. Jamaa zangu hawapangi foleni, nimewazoesha hivyo. Wanazunguka nyuma, penye tangi la maji, wanakaa kwenye kizingiti cha mlango wa stoo, na mimi nawahudumia hapohapo. Nicheke ukitaka, lakini nesi gani hana mlango wake wa nyuma? Tatizo ni kwamba mbele kuna mtu anayepita akigusa watoto vipaji vya uso na kuwatanguliza wale wanaochemka. Nyuma hapiti mtu.

Mwenzangu alikuwa peke yake ndani na mwanamke aliyekaribia kujifungua. Mama mkwe akabisha. "Musawo yangu iko?"

"Yuko, mama, anakuja sasa hivi," mwenzangu akajibu, mikono iko kwenye glavu, mlango hakuufungua. Alifikiri mama amefuata ufunguo wa nyumba. Hakuuliza, na mama hakueleza. Aeleze ya nini, na mwenyewe anakuja?

Akakaa. Mtoto aliacha kulia, naye akashukuru kwamba amepata usingizi. Baadaye akabisha tena, akajibiwa vilevile. Mama anayefagia akamwambia azunguke mbele mtoto aonekane, akakataa. "Mimi nalala nyumba moja na musawo," akasema. "Kwa nini nisumbue wengine?" Hakuwa mpumbavu. Alikuwa anajivunia mimi. Jua lilikuwa limeshafika utosini mtoto alipoanza kukakamaa mgongoni mwake, degedege ile yenyewe, na mama akapiga ukelele uliomtoa mwenzangu mbio, aproni imejaa damu ya mzazi.

Saa hiyo mimi nilikuwa kwenye swali la nne. Nalikumbuka vizuri. Lilitaka dalili za hatari kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, nami nikatabasamu, Mungu anisamehe, kwa sababu nilizijua zote. Nikaandika: anatapika kila kitu, analala usingizi usio wa kawaida, anapata degedege. Niliandika kwa mwandiko mzuri.

Simu zetu zilikuwa kwenye beseni mezani kwa msimamizi. Nilipowasha yangu, mwenzangu alikuwa amenipigia mara nyingi. Nikampigia, akaanza kulia kabla hajasema. "Sista, ni mtoto. Tumemdunga sindano ya kwanza ya malaria, tumempeleka hospitali kubwa."

Nikamwuliza, "Mtoto wa nani?"

Sijui kwa nini niliuliza. Nilijua. Nilikuwa nimesimama nje ya chumba cha mtihani natafuta nauli mkobani, na wenzangu wananipita wakibishana kuhusu swali la pili.

Nilifika hospitali nikiwa na sare yangu, safi, haina hata doa. Mtoto alikuwa kitandani na dripu, macho nusu wazi, hayaoni kitu. Mama mkwe alikuwa sakafuni kando ya kitanda. Mwenzangu alikuwa ameshamwambia kwamba nilitumwa mjini ghafla kuchukua chanjo, na yeye alikuwa ameamini. Aliponiona akanishika magoti. "Nilikaa, musawo," akasema. "Niliambiwa unakuja, nikakaa. Ningezunguka mbele. Kwa nini sikuzunguka mbele?"

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Ningeweza kusema wakati ule, mbele ya dripu na wagonjwa wote, yakaisha. Badala yake nikasema, "Si kosa lako, mama." Ilikuwa kweli tupu, na niliisema kwa sauti ya mtu anayefariji, kwa hiyo hakuisadiki. Akazidi kulia.

Siku nne mtoto hakujitambua. Nilifanya mambo yote niliyoyafundishwa na mengine ambayo huwa nawakaripia akina mama wa wagonjwa kwa kuyafanya. Nilimpigia kelele sikioni arudi. Nilimwahidi Mungu kwamba shule naiacha, kazi naiacha, nitauza nyanya. Siku ya tano akafungua macho. Siku ya saba akaomba ndizi kwa ishara, na mama mkwe akapiga vigelegele wodi nzima ikaitikia.

Mimi sikupiga. Kuna kitu nilikuwa nimekiona. Nikaenda kwenye meza ya madaktari, nikachukua trei ya bati, nikasimama nyuma ya kitanda, nikaiachia ianguke kwenye saruji. Watu wote wakaruka. Mtoto mchanga wa kitanda cha pili akaangua kilio. Binti yangu akaendelea kumenya ndizi yake taratibu, ganda moja, ganda la pili, bila kugeuka.

Malaria ikipanda kichwani, inaweza kumwacha mtoto hai na kuondoka na masikio yake. Nilijua. Niliwahi kuwaeleza wazazi wengine, kwa sauti ya upole, nikitazama saa.

Mume wangu alirudi kutoka Juba wiki tatu baadaye. Alimtazama mtoto, akamwita, akamwita tena, kisha akamgeukia mama yake. "Saa zote hizo, mama, ulikaa tu? Ulikuwa unafanya nini?" Mama mkwe akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa namimina chai. Nikaimimina, nikaweka sukari, nikampa kila mtu kikombe chake.

Kumbe bado sijasema baya zaidi. Mama mkwe aliniambia, "Nenda kazini, musawo. Huyu sasa ni mzigo wangu." Akamhamishia chumbani kwake, akamwogesha, akamlisha, akamfundisha ishara za kwao wawili, hakumwachia mtu yeyote. Na mimi nikakubali. Ahadi zangu zote kwa Mungu nikazisahau. Kwa kuwa mtoto alikuwa na mtu, siku zangu zikafunguka, nikarudi Tororo muhula uliofuata, na uliofuata tena. Sikuhitaji kuomba wala kubembeleza. Mwanamke mzee alijiona mkosaji, na juu ya mgongo wake mimi nikamaliza diploma. Karatasi yenyewe niliificha sandukuni chini ya gauni langu la harusi.

Nilidhani nitaweza kuishi hivyo. Watu wanaishi na mengi. Lakini jirani yetu akajifungua, tukaenda kumpongeza, na kama desturi akamwinua mtoto ampe mama mkwe ambariki. Mama mkwe akarudi nyuma, akaficha mikono ndani ya leso. "Hapana," akasema. "Mimi si mtu wa kupewa mtoto." Alisema kwa utulivu, kama anayetaja jina la ukoo wake. Wanawake wakatazama chini. Niliondoka pale kabla chai haijaletwa.

Kesho yake nilimkuta uani anachambua omena, dagaa wa ziwani, kwenye sinia, anatupa mawe na vijiti. Binti yangu alikuwa amechuchumaa kando yake anamsaidia. Sikukaa. Nilijua nikikaa sitasema.

"Mama, siku ile sikuwa kazini. Hakuna aliyenituma chanjo. Nilikuwa Tororo nafanya mtihani. Nilirudi shule, nikawaficha."

Mikono yake iliendelea na omena. Niliona vidole vikipunguza mwendo.

"Na yule aliyesema unakuja?"

"Mimi ndiye niliyemfundisha aseme hivyo."

Akaokota jiwe jingine kwenye sinia, akalitupa kando. Nilitamani anitukane. Nilitamani anirushie ile sinia, aite ukoo mzima, anirudishe kwetu upande wa pili na nguo zangu kwenye gunia. Nilikuwa tayari kwa hayo yote, nimeyangoja usiku kucha.

"Ulipasi?" akaniuliza.

Sikuelewa kwanza. "Nini, mama?"

"Huo mtihani. Ulipasi?"

"Nilipasi, mama."

Akatikisa kichwa polepole, akakung'uta mikono. Kisha akamgusa binti yangu begani, akamgeuza kwa upole mpaka tukatazamana.

"Haya," akasema. "Mwambie yeye."

Mtoto akainua macho, akayakaza kwenye midomo yangu.