Umeme Si Stimu

Baba aliingia kampuni ya stimu akiwa kibarua wa kuvuta nyaya. Akapanda hadi kusoma mita, akawa msimamizi, na mwishowe akawa Mwafrika pekee aliyeitwa kuishauri kamati ya mji. Siku ilipofika barua ya kumwita alipiga pasi suti yake mwenyewe, akamkataza mama kuigusa.

Swali la kwanza aliloulizwa lilituhusu sisi: nguzo zilizoishia Ilala, zivuke hadi kwetu Temeke? Wazungu wa kamati walitaka kwanza kujua kama wenyeji wanazitaka taa za stimu. Baba akaandika karatasi ya swali moja, akanipa mimi, niliyekuwa na mwaka wa kwanza katika ualimu, nizunguke nayo mlango kwa mlango.

Aliandika: "Je, mnataka umeme?"

Nilimwambia watu wa hapa husema stimu. Akavua miwani. Stimu, alisema, ni neno la vibarua. Yeye ameliacha huko kwenye nyaya. Baba alikuwa mtu wa bara, amesomeshwa na misheni, na Kiswahili alikivaa kama ile suti.

Nilianza kwa bibi muuza vitumbua, jirani yetu. Masika yale radi ilikuwa imepasua mnazi nyuma ya nyumba yake na kuua mbuzi wake wawili. Nikamwamkia, nikamsomea swali. Akaacha kukoroga unga.

"Mjukuu wangu, nani anataka umeme? Ule mmoja haujatutosha?"

Nilicheka, nikadhani ananitania kwa kuwa baba yangu ni mtu wa nyaya. Nikaandika: hapana. Nyumba ya pili wakasema Mungu apishe mbali. Ya tatu mama mmoja alimvuta mwanawe ndani. Jua lilikuwa kali, madaftari ya wanafunzi yalinisubiri, nami niliandika hapana, hapana, mpaka karatasi ikajaa.

Baba aliisoma mbele ya kamati. Walimpongeza kwa kazi safi.

Jumapili iliyofuata bibi alituletea vitumbua vya moto. Alikaa mkekani, akamuuliza baba, kwa adabu zote, ile stimu ya Ilala itafika kwake lini, maana macho yamechoka na moshi wa koroboi.

Baba alikishika kitumbua bila kukila. Bibi alipoondoka, mama alisema jambo ni jepesi: kesho arudi kwenye kamati, awaambie neno lilikosewa, kwamba kwa watu wa hapa umeme ni ule wa radi. Mimi nikasema kosa langu, niliyasikia majibu na sikuuliza. Baba alikirudisha kitumbua sahanini.

"Wamenisikiliza mara moja," alisema. "Nikirudi kusema sikujua lugha ya majirani zangu, wataniita tena kwa lipi?"

Hakurudi. Waliendelea kumwita, na baadaye tulihamia nyumba ya kampuni, yenye taa hata chooni. Usiku wa kwanza mama aliizima ya sebuleni, akakaa gizani.

Bado napita Temeke nikienda kufundisha. Bibi huwa ameshaamka kabla ya alfajiri, ameinamia kikaango, na koroboi imeutia weusi ukuta hadi darini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ile stimu ya baba yako?"

Nami niliyebatizwa humjibu inshallah, nikaharakisha hatua.