Kiti Kimoja, Mtu Mmoja

Kwanza nilisikia mchakacho. Nilikuwa nimetoka kwenye jua kali la barabara ya viwandani, Mbale, nikaingia ndani ya ghala la kahawa macho yakiwa bado yamejaa mwanga, na kwa muda sikuona kitu. Nilisikia tu punje za buni zikiangukia kwenye madebe, kama mvua nyepesi inayopita juu ya mabati bila kuamua kunyesha. Kisha kikohozi. Kisha mtu akacheka. Macho yalipozoea, wanawake wakaanza kutokeza gizani, wameinamia meza ndefu, vitambaa puani, vumbi la maganda limetua kwenye kope zao.

Mama yangu alikuwa katikati ya meza ya nyuma. Ubavuni pake, wamebanana kwenye nafasi ya mtu mmoja, alikaa mwanamke ninayemwita Mama Mdogo ingawa hatuna damu moja.

"Umekuja kutuona au kutuandika?" alinirushia kabla sijasalimia.

"Kuwaona, Mama Mdogo. Shikamoo."

"Marahaba. Basi tuone haraka. Mume wetu leo mzito."

Mume wao lilikuwa gunia. Waliitana mke mwenza tangu nikiwa shule ya msingi, na utani huo haukuwahi kuwachosha. Mama ni Mgisu, mwenyeji wa mlima ulio juu ya mji huu. Aliolewa na askari jela kutoka kaskazini, na sisi watoto tulikulia kwenye nyumba za askari. Mama Mdogo ni wa ukoo wa Wanubi, wajukuu wa askari walioletwa zamani kutoka Sudani. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Kiswahili, ambacho hapa Uganda wengi bado wanakisikia kama lugha ya askari na bunduki, kwao kilikuwa lugha ya kusengenya, kuombana chumvi na kuzika watu.

Humo ghalani nafasi mezani huitwa kiti, hata kama ni kipande tu cha benchi. Kiti kina jina la mtu mmoja getini, na kwa muda mrefu kiwanda kililipa kwa gunia: chambua, ondoa punje nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu, peleka likapimwe, chukua chako. Lakini karibu kila kiti kilikuwa na wanawake wawili. Mmoja anamwaga na kutandaza, mwingine anaokota. Mmoja akiuguza, mwingine yupo. Mmoja ana msiba, mwingine yupo. Ijumaa mchana Mama Mdogo alikwenda msikitini, Mama akabaki. Mama akiwa na kikao cha kanisa, Mama Mdogo alibaki. Jioni waligawana malipo nje ya geti, nusu kwa nusu. Mwenye kiwanda alilijua hilo na kulipenda, kwa sababu alipata mikono minne kwa bei ya miwili.

Nao walihitajiana. Macho ya Mama yalikuwa yameanza kufifia, punje nyeusi na ya kahawia zilimchanganya. Mama Mdogo aliona vizuri kama kunguru, ila kifua chake hakikuvumilia vumbi. Kila baada ya muda ilibidi atoke nje akohoe, ashike ukuta, arudi. Ukiwaweka pamoja ulipata mfanyakazi mmoja mzima.

Nilikuwa nimesafiri kutoka Mafubira, kule Jinja ninakoishi, kwa sababu ya habari njema. Mshahara wa chini ulikuwa umepandishwa. Si na serikali; nyongeza ya serikali tumeisikia ikijadiliwa hadi tukazoea, kama mtu anayeahidi kuja harusini kila mwaka. Kima kilichomo kwenye sheria kiliwekwa kabla sijazaliwa, na leo huwezi kukitumia bila kuona haya. Hii ilitoka kwa wanunuzi wa ng'ambo. Walisema hawatagusa kahawa ya mtu asiyewalipa vibarua wake kiasi cha kuishi. Mwenye kiwanda akakubali kulipa kwa siku, kwa kila kichwa, zaidi ya mara mbili ya ile nusu aliyozoea kupata mwanamke mmoja. Kukapikwa pilau. Wageni wakapiga picha. Wanawake wakagawiwa fulana nyeupe zenye maandishi ya Kiingereza, na Mama akanitumia picha kwa simu akiwa amevaa yake.

"Imeandikwa nini hapa kifuani?" aliniuliza.

"Heshima ya kazi."

"Heshima ya nani?"

"Yako, Mama."

"Basi wangeandika kwa lugha yangu."

Jioni ile nilikuwa na wenzangu wachache wanaoandika. Huwa tunakutana nyuma ya mgahawa mmoja Jinja, tukasomeana tulichoandika, tukanywa kahawa ya mlima wa kwetu kwa bei ambayo Mama angeicheka hadi machozi. Nilisimama nikatangaza habari kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Rafiki yangu mmoja aliyesomea uchumi akakoroga kikombe chake. "Kitu kikipanda bei," alisema, "watu hununua kidogo. Hata kibarua." Nilimwita kibaraka wa matajiri, naye akacheka. Nilichukia si hoja yake. Hoja inaweza kuwa kweli. Nilichukia alivyoisema, kama anazungumzia nyanya zilizopanda sokoni, na kwamba aliendelea kukoroga.

Sasa nimesimama ghalani, vumbi likiniingia puani, na nyapara akapanda juu ya gunia. Alikuwa askari zamani. Wote walimwita afande, wengine kwa heshima, wengine kwa dhihaka.

"Kina mama, sikieni! Simamisha mikono!"

Mchakacho ukafa.

"Mshahara imepanda. Mmekula pilau, mmevaa fulana. Sasa utaratibu. Kutoka Jumatatu, kiti moja, mtu moja. Pale getini tunaweka mashine ya kidole. Kidole moja kwa kiti moja. Na kazi ya kiti ni ile ile, gunia zile zile. Hatupunguzi."

"Afande," sauti ilitoka meza ya mbele, "na sisi wa pili twende wapi?"

"Nyumbani."

"Nani anabaki, nani anaenda?"

Hapo ndipo aliposema neno ambalo hadi leo sijalisamehe. Alifungua mikono yake kama padri. "Hiyo chagueni nyinyi wenyewe. Mko wawili wawili, mnajuana. Sisi hatuingilii mambo ya wanawake. Jumamosi asubuhi mwenye kiti alete kidole yake tuandike."

"Na uji wa saa nne?" mwingine aliuliza.

"Mtu analipwa mshahara mkubwa, bado anataka uji?"

Wachache walicheka, kwa woga. Alishuka kutoka juu ya gunia akapangusa suruali.

Kama wangefukuza nusu kwa kusoma majina, ningewachukia kwa chuki ya kawaida, ile ambayo mtu huikuta kila mahali pa kazi. Lakini wao waliwakabidhi wanawake kisu, wakaosha mikono. Nilitazama mezani. Jozi moja ilikuwa mtu na wifi yake. Walikuwa tayari wamesogea, pengo la kiganja limeingia kati yao. Wengine walikuwa mama na binti. Jozi moja ya karibu na dirisha walirusha sarafu papo hapo, kwa kicheko, na aliyeshindwa akaendelea kucheka baada ya mwenzake kunyamaza.

Mama na Mama Mdogo waliinama, wakamaliza gunia.

Mimi na Mama tulirudi Malukhu, mtaa anakoishi, kwa miguu. Kabla hatujafika mlangoni, mwenye nyumba akatutokea, amevaa kanzu safi, uso umejaa furaha ambayo haikuwa yake.

"Hongera, mama! Nasikia kule kiwandani nyinyi sasa ni maofisa."

"Maofisa wa wapi, bwana? Tunachambua buni."

"Maofisa tu. Basi na nyumba nayo imepandishwa cheo. Kutoka mwezi ujao." Akataja kodi mpya.

"Mshahara wenyewe sijaushika."

"Utaushika. Mimi nimeusikia redioni."

Kodi hiyo ilimeza karibu nyongeza yote. Mwenye duka wa pembeni naye alikwisha kuongeza bei ya sukari, na alipoulizwa alitupa jibu lile lile kwa tabasamu lile lile: si mmepandishiwa? Fedha ilikuwa bado iko mikononi mwa tajiri, na tayari mtaa mzima ulikuwa umeshaigawana, kama nzi waliofika machinjioni kabla ya ng'ombe.

Sisemi mshahara usipande. Nataka hili lieleweke, kwa kuwa nimesikia watu wenye viyoyozi wakitumia hadithi kama hii kuwaombea maskini wabaki walivyo. Mishahara ile ya gunia ilikuwa uchafu, na aliyeipenda alikuwa mwenye gunia. Najua mwanamke wa ghala hilo ambaye leo ameezeka nyumba kwa mabati mapya, na watoto wake wanakula nyama hata siku isiyo ya sikukuu. Nafurahi kwa ajili yake. Kinachonitapisha ni kwamba tajiri alipoambiwa alipe zaidi, hakupunguza kahawa, hakupunguza faida, hakuuza hata gari moja kati ya yale yanayolala uani kwake. Alikwenda kuitafuta ile nyongeza ndani ya urafiki wa wanawake wawili, kwa sababu aliona kuna akiba pale.

Alhamisi nilijaribu kuzungumza na Mama. Alikuwa anafua.

"Mwachie Mama Mdogo kiti," nilisema. "Macho yako hayatafikisha yale magunia. Yeye atashika, mtagawana kama zamani."

"Kugawana vipi? Yeye avute vumbi peke yake, mimi nikae nyumbani nisubiri nusu? Na kifua chake kikikataa wiki ya kwanza?"

"Basi acheni wote. Nitakutumia kitu kila mwezi."

Aliinua mikono yenye povu. "Riwaya zako zinalipa kodi ya mtu?"

"Bado."

"Hata yako mwenyewe?"

Akarudi kwenye nguo, akazisugua kama zimemkosea.

Mama Mdogo alikuja Ijumaa, baada ya swala, na mtandio wake mzuri wa msikitini. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Aliacha kandambili mlangoni, akakaa kwenye mkeka, akapokea chai ila hakuinywa. Mama alikuwa ameshika ungo wa maharage ya jioni, anatoa mawe. Waliulizana hali za nyumbani. Waliulizana kuhusu mvua. Sikuwahi kuwasikia hao wawili wakizungumzia mvua.

"Wajukuu?" Mama aliuliza.

"Wapo. Mmoja amefukuzwa shule, ada."

"Pole."

"Ahsante. Na wewe, kodi?"

"Imepanda."

"Nimesikia." Mama Mdogo alizungusha kikombe kwenye mkeka. "Kesho ni Jumamosi."

Mama alitoa jiwe moja, akalitupa uani kupitia dirishani.

"Nimekuja uniambie," Mama Mdogo alisema. "Sikutaka kulisikia getini, mbele ya afande yule na mashine yake. Niambie hapa."

"Unajua."

"Najua. Lakini niambie."

"Jina ni langu," Mama alisema. Hakuinua uso. "Kiti niliandikishwa mimi. Tangu mwanzo."

"Kweli kabisa."

"Hukuja na kiti wewe. Nilikukuta pale nje unauza mandazi, nikakuvuta ndani."

"Kweli, ulinivuta." Mama Mdogo alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Sasa utaweza peke yako? Magunia yale, na macho hayo?"

"Nitaweza."

"Haya."

"Usiseme haya kama hivyo!" Mama aliweka ungo chini, punje zikaruka. "Ungekuwa ni wewe uliyeandikwa, ungefanya nini? Sema, wallahi, kwa Mungu wako."

Mama Mdogo alifikiri kweli. Nilimwona akifikiri, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayepima kitambaa. "Ningebaki," alisema. "Ningebaki na kiti, nikakuletea unga kila mwezi, nawe ungeuchukua bila kunitazama usoni. Kisha siku moja nisingeleta."

Uani maji yalikuwa yakidondoka kutoka paani kwenye beseni. Nilitaka kusema jambo kubwa, la haki, la hasira, lile ambalo ningelisema Jinja nikiwa na kikombe mkononi na watu wakatikisa vichwa. Nililitafuta mdomoni, na kila neno lililokuja lilikuwa la mtu aliyeshiba.

Mama Mdogo akakohoa, mkono kwenye ukuta, akakohoa hadi akapumua vizuri. Akasimama. Mama naye akasimama, akaingia nyuma ya pazia, akarudi na maharage makavu kwenye karatasi, kilo moja hivi, akamnyooshea.

"Kwa wajukuu."

Mama Mdogo aliyatazama yale maharage kwa muda. Kisha akayapokea kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anavyopokea kitu kwa mgeni.

"Ahsante, mama," alisema.

Hakuwahi kumwita hivyo. Ndivyo tunavyomwita mwanamke yeyote, wa sokoni, wa barabarani, wa kituo cha polisi. Mama aliusikia ule umbali mpya, nami nikauona ukitua usoni pake.

"Mwanangu," Mama Mdogo aliniambia akivaa kandambili, "mtafutie miwani kabla ya Jumatatu. Hata ya mitumba. Nyapara hukagua debe la kwanza."

Akatoka. Mlango wetu huvimba wakati wa mvua, lazima uuvute kwa nguvu. Aliuvuta mara ya kwanza, ukabaki wazi kidogo, tukaona pindo la mtandio wake. Hakuna kati yetu aliyekwenda kumsaidia. Aliuvuta tena kutoka nje, taratibu, hadi ukafunga.