Teneur ya Kitabu cha Baba

Baba alikuwa karani kwenye mgodi wa manganizi kule Kisenge. Alipostaafu akahamia Kolwezi, alikuja na redio, mama yangu, na sanduku la chuma lililojaa bede. Mama anasema sanduku ndilo lilipakiwa kwanza kwenye lori, yeye akapandishwa baadaye, na hadi leo baba hajawahi kukana.

Bede ni vile vitabu vya michoro ambamo maneno yanawatoka watu kinywani ndani ya mapovu. Wazungu wa kampuni walipokuwa wanarudi kwao waliacha mbwa, mapazia na bede. Watu wazima waligombania mapazia. Baba, wakati huo mwanafunzi mwembamba, alipita nyumba kwa nyumba akiomba vitabu, na humo ndimo alimojifunzia Kifaransa. Ndiyo maana mpaka sasa anakiongea kama mpelelezi. Sijui mtu mwingine hapa mjini anayemwambia muuza mboga, kwa sauti nzito, kwamba mchezo wake umegunduliwa.

Mama hana ugomvi na bede kama bede. Ugomvi wake ni nafasi. Anauza vitumbua kila asubuhi mbele ya geti letu, na mifuko yake ya unga inalala sebuleni kwa sababu sanduku la baba ndilo limelala stoo. Tena anahitaji karatasi za kufungia vitumbua, na humo ndani kuna karatasi za kumtosha mpaka azeeke.

"Karatasi nzito, muzuri, haipitishe mafuta," husema, huku akiliangalia sanduku kama mtu anavyoangalia kuku wa jirani.

Mambo yalianza na mdogo wangu anayekaa Ubelgiji. Siku moja akanitumia kwenye simu picha kutoka mnada wa Brussels: bede ya fundi saa mwenye masharubu anayefukuza wezi, toleo la kwanza, imeuzwa kwa bei ya gari. Na si gari la kusukuma. Nikamwonyesha baba. Aliinuka, akaenda stoo, tukasikia sanduku linalia, akarudi na fundi saa yule yule, jalada lile lile, masharubu yale yale, na ndani, kwa wino wa buluu, jina la baba kwa mwandiko wa mtoto.

"Mama yangu!" nikasema.

"Nilijua," baba akasema. Hakujua. Ila ndivyo alivyo.

Toka siku hiyo nikawa mtumwa. Mimi nina kabine, kibanda cha kuuza vocha na kutuma pesa kwa simu, kwa hiyo mtandao ninao kutwa. Kila jioni baba alikuja, akavuta kiti cha wateja, akauliza soko iko namna gani. Nikimwambia baba ngoja nimhudumie mtu, anamgeukia mtu mwenyewe na kuanza kumweleza. Nilipoteza wateja kwa ajili ya minada ya Paris, nasema ukweli. Wengine walianza kuvuka barabara wakiona kofia yake.

Kilichomlevya si bei peke yake. Ni vile bei inavyotengenezwa. Huko minadani kitabu hakiuzwi kwa jina tu. Wataalamu wanakipima kwanza: kona, mgongo, rangi ya jalada, kutu ya pini. Wamarekani wanakipa namba mpaka kumi, halafu wanakifungia ndani ya kasha la plastiki, hakifunguliwi tena. Wabelgiji wanatumia maneno: kipya, kizuri sana, kizuri, cha kusoma tu. Kitabu kile kile kikishuka ngazi moja, kinatoka bei ya gari kinaingia bei ya baiskeli. Tuliona fundi saa mmoja akiuzwa vizuri sana kwa sababu kona zake nne zilikuwa kali, na ndugu yake wa mwaka ule ule akakosa mnunuzi kwa doa la kahawa.

Mimi nilichukua muda kuelewa. Mama alielewa pale pale, mikono ndani ya unga.

"Ah bon! Ni teneur."

Kabla ya vitumbua, mama alikuwa mwoshaji wa mawe. Wachimbaji walileta magunia mtoni, yeye na wenzake wakaosha, kisha magunia yakaenda depo, kwa mnunuzi mwenye kile kimashine cha kupima teneur, yaani shaba au kobalti ni kiasi gani ndani ya jiwe. Jiwe lenye udongo linapata teneur ya aibu. Lililooshwa likang'aa, mnunuzi analipa huku amenuna. Wanawake wa mtoni walijulikana kwa mikono yao, na mikono ya mama ilitafutwa mpaka na watu wa mgodi wa Mashamba.

"Njo vile!" baba akasema. "Teneur ya kitabu!" Alifurahi sana kueleweka ndani ya nyumba yake mwenyewe, akajiongezea sukari aliyokatazwa na daktari.

Hapo akili ikamruka kabisa. Akatafuta ubao, akaupaka rangi nyeusi, akaandika kwa chaki kama wanavyofanya wanunuzi wa mawe mbele ya depo zao: teneur kumi, bei hii, teneur tisa, bei hii, teneur nane, hii. Akautundika ukutani nje, pembeni ya geti, ili kila jioni afute na kuandika bei mpya niliyompa. Hakuandika popote kwamba ni vitabu. Kwake yeye, nini kingine kingekuwa?

Siku ya tatu nilisikia kelele. Vijana wachimbaji walikuwa wamejipanga getini na magunia, vumbi mpaka kwenye kope. Walikuwa wamesoma ubao. Depo gani nyingine Kolwezi ingelipa hivyo?

"Tata," mmoja akamwuliza baba kwa heshima zote, "teneur tisa ni ya shaba ao ya cobalt?"

"Ni ya bede."

Yule kijana alifikiri kidogo. "Hiyo nayo banaichimba wapi?"

Baba, badala ya kuwafukuza, akamtoa fundi saa akawaonyesha. Wakaketi juu ya magunia yao wakisomeana na kucheka, na wengine wakazidi kuja. Gunia moja likapasuka, vumbi lote likaenda kulala kwenye beseni la mama lenye unga ulioumuka.

Basi mama akalipuka. Ee, mama akilipuka utamsikia toka Kingamyambo.

"Leo! Leo njo leo! Ile sanduku itatoka mu nyumba yangu! Bei, bei, bei, kila siku bei! Umeisha kuuza nini? Hata page moja hauyauzisha!"

"Siuzi ju ninangojea soko."

"Wapi! Unaogopa. Unajua ni bitu ya bure."

Baba akasimama wima. Akavua kofia, na baba akivua kofia ujue anasema kitu ambacho atakishika. "Tupige pari. Nitatuma ile ya fundi saa kwa mnada. Ikiuza bei ya kweli, sanduku itabakia pale iko mpaka nife. Ikishindwa, utachukua yote, ufungie bitumbua."

"Umesema mbele ya mutoto," mama akajibu, akininyooshea kidole. Mtoto mwenyewe nina miaka arobaini na nywele za kijivu.

Nilimwonea baba huruma, kwa sababu nilijua sanduku lile ni nini kwake. Kila Jumapili baada ya chakula alitoa bede moja, moja tu, akaisoma kitandani miguu ikiwa nje, akicheka mahali pale pale alipocheka wiki nyingine. Hakuwa na pombe, hakuwa na mpira. Angeuza kitabu kimoja ili avihifadhi vingine vyote. Kama kingeshindwa, sijui Jumapili zake zingekuwa na nini ndani.

Mdogo wangu alikuja likizo kipindi hicho, tukakubaliana atakibeba fundi saa mpaka Brussels. Mama akasema yeye ndiye atakayefunga mzigo, baba ana mikono mizito. Jumapili ya mwisho tulikwenda misa wote isipokuwa mama, eti goti linamsumbua. Tuliporudi tulikuta kitabu kimeshonwa ndani ya kitenge pande zote kwa sindano ya magunia, hakuna pa kuingiza hata ukucha. Nyumba ilinuka pasi ya makaa na javel, ile dawa ya kutoa madoa. Jumapili nyumba yetu hunuka hivyo sikuzote, sikuuliza kitu. Nilichoshangaa ni mama kuubusu ule mzigo kabla hajamkabidhi mwanawe.

Tukangoja. Baba alinenepa kwa matumaini. Bei za fundi saa zilipanda mnada baada ya mnada, nami mwenyewe, niliyeanza kwa kulalamika, nikawa nafungua simu kabla ya kuvaa. Mama naye alijifanya hajali, lakini nikichelewa kuleta habari anauliza, eti anauliza tu.

Jibu lilikuja mchana mmoja, sauti iliyorekodiwa na mdogo wangu. Baba alikuwa kabine. Nikaweka simu katikati yetu.

"Baba, pole," sauti ikasema. "Ule mutaalamu alifungua kitenge mbele yangu, akashika kichwa. Jalada baliosha na sabuni, rangi imetoka. Kona balikata na makasi zikuwe sawasawa. Page zote balipiga pasi. Jina yako balifuta na javel, pamebakia tundu. Na mugongo balibandika na scotch. Anasema ingebakia na buchafu yake yote, ingeuza feza mingi sana, hata kupita ile ya mu picha. Sasa ni ya kusoma tu. Baba, nani alifanya vile?"

Baba akaomba aisikilize tena. Nikairudia. Sauti ilipofika kwenye pasi baba akainua mkono nisimamishe.

"Page zote," akasema. "Zote. Moja moja."

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Nina hasira za mama yangu, sikuziomba. "Mi naenda kumwambia! Sasa hivi! Alijua, alitaka ushindwe apate makaratasi yake!"

"Kaa chini."

"Baba!"

"Kaa. Alikuwa anafanya nini ku mto miaka yote ile? Alikuwa anaharibisha mawe?" Akanitazama mpaka nikakaa. "Hawezi kutuma kitu ku soko na buchafu. Alitaka teneur ipande. Alitaka nishinde, na goti yake ile."

Nililia, nasema wazi, mbele ya mteja aliyekuja kununua vocha. Nilimlilia mama akiwa amepiga magoti juu ya ile pasi, ukurasa kwa ukurasa, akihangaika kulibakiza stoo sanduku asilolipenda. Baba aliniambia nifute ile sauti, na mdogo wangu asiseme neno. Nikafuta. Tukafunga kabine, tukaenda nyumbani polepole, baba akisalimia watu kama kawaida.

Mama alikuwa uani anachekecha unga. Alituona tu akajua kuna habari.

"Sema."

"Soko imeanguka," baba akasema. "Sawa vile kobalti ilianguka. Haikupata mutu wa kuinunua."

Niliyemtazama ni mama. Mtu aliyeshinda dau angecheka. Yeye aliweka chekeche chini akajifuta mikono kwenye kitenge, taratibu, kidole kwa kidole.

"Na usafi?" akauliza. "Balisema nini ju ya usafi?"

"Balisema hawayaona kitabu safi vile."

Uso wake ukafunguka wote. "Ni mi! Sikukuambia. Nilikiosha, nikakipiga pasi, hata ile buchafu ya wino niliitoa!" Akamkaribia, akamshika mkono. "Sikia, tata, tuache ile pari. Kama ni soko, soko itarudia. Sanduku iko na bingine mingi. Mi niko na nguvu. Tuanze leo, nitaosha yote."

Nilifungua mdomo, baba akanitupia jicho, nikaufunga. Alisimama pale mkono wake ukiwa ndani ya mikono ile ya mtoni, halafu akavua kofia, maana bede zikioshwa na kupelekwa mnadani, siku moja mama angeambiwa ukweli.

"Hapana," akasema. "Tulisema mbele ya mutoto. Umeshinda. Karatasi ni yako."

"Kweli?"

"Kweli. Njoo unisaidie, ni nzito."

Wakaingia stoo. Baba akashika mpini mmoja, mama akashika ule mwingine, wakaliinua pamoja, na mimi nikasogeza mifuko ya unga wapate pa kupita.