Kushindana Kuchelewa

Sisi tuliokulia migombani kule Masoko, baiskeli hatukujifunza kwa kukimbia. Baba alitupanga, mimi na kaka yangu Ambokile, kwenye kijia cha nyumbani kinachoteleza kwa mvua zetu zisizokatika, akatuambia tushindane kuchelewa. Atakayefika wa mwisho bila kuweka mguu chini, huyo ndiye atapewa baiskeli ya kupeleka maziwa kwa wateja pale senta. Atakayeshindwa atakata majani ya ng'ombe.

Majani yale yanawasha, jamani. Na mimi niliitaka baiskeli ile kuliko chochote, maana msichana mwenye baiskeli kwetu hakuwepo.

Mwanzoni nilikuwa naanguka tu. Nalikodolea macho tairi la mbele, nalo linanipeleka mgombani. Ambokile akawa ananiita kobe mlevi. Baba hakugomba. Alitembea kando yangu na gumboti zake, ananielekeza: kanyaga pedali kidogo, gusa breki ya nyuma kidogo, macho yawe kule unakokwenda.

"Mwanangu, kasi hata jiwe linayo likiporomoka," alikuwa akisema. "Polepole ndiyo kazi."

Siku niliyomshinda kaka, mama alinichagulia ndizi ya kuchoma iliyoiva vizuri kuliko zote. Kesho yake nilifunga kidumu kwenye keria, nikafika senta na maziwa yote. Ambokile akaenda kuwashwa na majani.

Siku hizi vijana wa bodaboda wanashuka mteremko wa Kiwira kama wamefukuzwa na nyuki, halafu wakifika wanakaa tu kijiweni. Mimi bado nabeba mikungu kwa baiskeli, mgongo umechoka, magoti yamechoka, ingawa kila nikijinyoosha naota kibanda changu cha kutengeneza baiskeli pale Msasani ya huku kwetu.

Juzi miguu ya baba iligoma kabisa. Bodaboda wakaukataa utelezi wa kijia chetu. Nikatandika gunia kwenye keria, nikampakia, nikashuka naye hadi barabarani kwenye gari la kwenda hospitali. Alikuwa mwepesi kuliko mkungu. Niliogopa ule wepesi kuliko tope.

Tulipofika, aliangalia viatu vyangu. Vilikuwa safi.

"Ndaga, mwanangu," akanishukuru. "Hukuweka mguu chini."

Zamani nilichelewa ili nishinde. Safari hii, pamoja na uchovu wote, nilitamani tu kijia kile kiwe kirefu kidogo.