Madume Wangu wa Homa Bay

Asubuhi niliyokuta samaki wangu wamezaliwa na migongo iliyopinda, mke wangu Mourine alikuwa na mimba ya miezi minane.

Weka hilo akilini, ndio utajua kwa nini niliogopa vile.

Nafuga ngege, wale samaki wengine huwaita perege, hapa Uriri. Kazi yangu ni vifaranga. Nachagua majike na madume wanaokua haraka, nawaweka bwawa moja, wakizaa nawauzia wafugaji wengine. Daftari ninalo, kila ukoo wa samaki nimeuandika.

Mwaka jana nilitaka damu mpya. Nikamtuma ndugu yangu Levi kwa pikipiki yake hadi Homa Bay, alete madume ishirini wa ukoo mwingine. Akaleta. Wanene, wazuri.

Sasa asubuhi hiyo nainua wavu, kifaranga cha kwanza kimejikunja kama ndoano. Cha pili hakina jicho. Cha tatu sikutaka hata kukiangalia.

Mama aliangalia ndoo, kisha akaangalia tumbo la Mourine.

"Chira," akasema.

Kwetu hiyo ni laana ya aliyevunja mwiko, na haiishii kwa samaki. Chakula kikanishinda. Kila nikimwona Mourine ameshika kiuno, nawaza mtoto ana mgongo gani.

Halafu nikamkumbuka Nicanor, jirani wa ng'ambo ya mto. Mara tatu nilimkuta ameinamia bwawa langu. Akiniona, anaondoka bila salamu. Nikasema basi, mchawi ndiye huyu.

Siku ya nne nikaficha panga ndani ya koti, nikavuka mto. Nilikuwa naogopa.

Nicanor akafungua mlango. Mkononi ana panga.

Na yeye alikuwa ananiogopa.

"Omera, ndugu yangu, umekuja kumalizia?" akauliza. "Samaki yangu ushaharibu. Sasa unataka watoto?"

Akanionyesha bwawa lake. Vifaranga walikuwa na migongo ileile.

"Hii mbegu ulitoa wapi?" nikamuuliza.

"Si kwako? Ile ya kwanza, miaka mbili imepita. Imekua, ikazaana yenyewe kwa yenyewe. Kila nikikuja kukuuliza, naogopa wewe."

Nikamuuliza kama kuna mtu alinunua madume kwake.

"Levi wenu. Ishirini. Alisema anapeleka Awendo."

Nilikaa chini kwenye matope.

Levi hakuwahi kufika Homa Bay; alivuka mto tu, akanunua kwa Nicanor. Damu mpya niliyoisubiri ilikuwa watoto wa samaki wangu mwenyewe, nimewarudisha kwa mama zao na dada zao.

Na sisi ndio watu ambao kijana akitaka kuoa, ukoo wa msichana unaulizwa mpaka kwa nyanya zake. Undugu ukionekana, harusi hakuna. Samaki niliwaozesha bila kuuliza, eti kwa sababu Levi amesema.

Yale mapanga tulifyekea nyasi za bwawa siku hiyohiyo. Madume wote wakawa kitoweo. Homa Bay nilienda mwenyewe, Nicanor akanisindikiza.

Wiki tatu baadaye Mourine akajifungua msichana. Kabla sijamwangalia uso, nilipitisha kidole mgongoni mwake, mfupa kwa mfupa, mpaka mwisho.

Umenyooka. Nililia, sioni haya kusema.

Ndugu yangu unayesoma, kabla hujamtafuta mchawi, uliza mbegu yako ilitoka wapi. Na ukaulize bila panga. Mimi nilibakisha mlango mmoja tu nimkate mtu ambaye kosa lake lilikuwa kununua samaki kwangu.