Jino Lisilouma

Ndani ya kinywa changu, nyuma upande wa kulia, pana pengo la gego. Nilikuwa darasa la tano hapa Mbwera gego lile lilipotoboka likaoza, likang'olewa. Mama akanitia jino mkononi: "Litupe paani, litaota jingine." Nikalitupa. Kila Ijumaa alinipanua kinywa atazame kama limechomoza. Mpaka leo halijachomoza.

Si kwamba mama yangu alikuwa mjinga. Gego la kwanza la ukubwani huota nyuma kabisa, kimyakimya, mtoto akiwa na miaka sita hivi, na halisubiri jino lolote ling'oke. Kwa hiyo huku kwetu wote tulilihesabu la utoto. Likitoboka tulisema liacheni, zamu yake ya paani itafika.

Basi siku nilipoliona gego jipya la binti yangu, jeupe, limejaa mifereji ya kunasa makapi ya muwa, niliapa kuwa hili paani haliendi. Nilishasikia kwamba hospitalini Kibiti wanaziba mifereji hiyo kabla jino halijatoboka. Nikajifunga kanga, tukaenda kupanda boti.

Mama alitufuata mpaka gatini. "Jino haliumi, mnalipeleka wapi?"

"Ndiyo maana tunalipeleka, mama. Likishauma tumechelewa."

"Haya, mwenye akili zako."

Mtoto alilia njia nzima, maana alijua daktari wa meno kazi yake ni koleo tu. Koleo hakuliona. Daktari alilisugua gego, akalikausha, akalizungushia pamba mate yasilifikie, akapaka kitu chepesi kama uji, akakimulika kwa taa ya buluu hadi kikaganda. "Tayari. Lakini mswaki uko palepale," alisema. Binti akanitazama kama mtu aliyepunjwa. Nilicheka, kisha nikashikwa na hasira. Kumbe kazi yenyewe ni ndogo hivi!

Juzi binti kang'oka jino la mbele, akalitupa paani, bibi yake akishangilia.

"Na lile la Kibiti, lini?" mama akamuuliza.

"Lile halitupwi, bibi. Nitazeeka nalo."

Mama akamwambia apanue kinywa, akapitisha kidole juu ya gego, taratibu. Lilikuwa zima. Kisha akanigeukia, akanishika shavu la kulia.

"Nilikudanganya, mwanangu."

"Hukunidanganya, mama. Hata wewe ulikuwa unalingoja."