Kura ya Hamsini na Mbili

Ofisi ya chama chetu ni chumba kimoja mtaa wa Mafiga, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kazi ya chama ni kufuatilia utawala wa intaneti: nani anaamua bando liuzweje, nani anatunza taarifa za watu, kwa nini kijiji hiki kina mnara na kile hakina. Mimi ni fundi simu. Kamati ya uchaguzi niliingia kwa sababu siku ya kuiteua nilikuwa nimekaa mstari wa mbele.

Tulikuwa watatu. Mwenyekiti wetu alikuwa karani mstaafu wa mahakama, mzee asiyecheka na asiyekosea. Wa pili alikuwa dada mmoja mwalimu wa chekechea. Wa tatu mimi, niliyekabidhiwa simu ya ofisi.

Uchaguzi wa viongozi ulifanyika mtandaoni. Kila mwanachama alitumiwa linki, aibonyeze, asome sera za wagombea, apige kura. Katiba yetu inataka robo ya wanachama wapige, la sivyo uchaguzi ni batili. Robo yetu ni watu hamsini na wawili. Tulikuwa tumeshaongeza muda mara mbili, na mfumo, ambao unaonyesha idadi bila majina, ulikuwa umegoma kwenye hamsini na moja.

Nikaipigia simu orodha nzima. Mwanachama wa Dakawa alikuwa katikati ya jaruba la mpunga. "Mikono ina tope," akasema. "Nipigie wewe, kaka. Mchague yeyote mwenye adabu." Nikamweleza kura ni siri. "Basi usiniambie umemchagua nani," akanijibu, akakata.

Wengi walikuwa na jibu moja: linki hawabonyezi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kosa lilikuwa letu. Mwaka uliopita tulizunguka mkoa mzima na semina ya usalama mtandaoni, na somo lililowaingia watu vizuri kuliko yote lilikuwa hilo: ukitumiwa linki, usibonyeze.

Aliyelishika zaidi alikuwa mwalimu mstaafu wa Matombo, mama wa miaka sabini na kitu. "Kura nataka kupiga," aliniambia kwenye simu, "ila hiyo linki sibonyezi."

Mzee wa kamati akafikiri. "Huyo ana nia," akasema. "Mfuate."

Jumamosi asubuhi nikakodi bodaboda. Kura zilikuwa zinafungwa saa sita mchana. Barabara ya Matombo ilikuwa imenyeshewa, tukasukuma pikipiki mara tatu, nikafika saa nne na nusu, tope hadi magotini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe nani?"

Nikajitambulisha, nikamwonyesha kitambulisho cha chama. Akakigeuza mbele na nyuma. "Hivi vinachapishwa stendi," akasema kwa upole. Ukutani kwake kilining'inia cheti cha semina yetu, kimewekwa kwenye fremu. Akakisogelea, akasoma namba ya ofisi iliyo chini yake, akaipiga.

Mfuko wangu ukaanza kulia.

Tukatazamana. Nikapokea, maana ningefanyaje.

"Halo, ofisi ya chama?" akauliza, amesimama hatua mbili kutoka kwangu.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kuna mtu yuko hapa kwangu anadai mmemtuma. Ni kweli?"

"Ni kweli. Ni mimi."

Akakata. "Mtu hawezi kujithibitisha mwenyewe," akasema. "Hilo nalo mlitufundisha."

Nikampa namba ya mzee wa kamati. Akaweka sauti kubwa, akaeleza vizuri kabisa. Tukasikia sauti ya mahakamani: "Mama, suala la mpiga kura yeyote siwezi kulithibitisha wala kulikanusha."

"Huyu sasa ndiye mtu wa kuaminika," Mwalimu akasema. Ila mimi bado sikuwa nimethibitishwa.

Ufumbuzi aliutoa yeye mwenyewe. Hatabonyeza linki; ataandika anwani ya tovuti kwa mkono wake, herufi kwa herufi, kama ilivyo kwenye cheti. Ndivyo tulivyofundisha, na mimi nilikuwa nimesahau.

Pale barazani simu za kawaida zilishika, lakini intaneti ilipatikana juu ya jiwe nyuma ya zizi la mbuzi. Tukapanda wote wawili, tumepeana migongo tusianguke. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini. Akaingia kwa namba yake ya uanachama. Akaanza kusoma sera za wagombea, kwa sauti, akisahihisha.

"Huyu ameandika 'kushirikisha wadau' mara tisa. Wadau ni akina nani?"

"Mwalimu, muda."

"Subiri. Wewe mwenzangu ulizisoma lini?"

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba sikuwa nimezisoma. Wiki tatu nilikuwa nawasumbua watu wapige kura, na mimi mwenyewe sikuwa nimepiga. Kura iliyokuwa inakosekana ningeweza kuipiga nikiwa kitandani Mafiga.

Nikiwa nimempa mgongo, nikatoa simu yangu, nikabonyeza linki, nikachagua jina la kwanza kwenye kila nafasi, nikatuma. Sekunde ishirini. Idadi ikasoma hamsini na mbili.

"Unafanya nini huko nyuma?"

"Naangalia saa."

Yeye akaendelea. Alisoma wagombea wote, akarudi kwa wawili kuwalinganisha, akachagua, akahakiki, akatuma. Ikaja sentensi moja nyekundu: upigaji kura umefungwa. Ilikuwa saa sita na dakika tatu.

Akashuka kwenye jiwe taratibu, nikimshika mkono. "Basi mmekosa akidi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kunionea huruma mimi.

"Tumepata, Mwalimu. Kuna mtu amepiga dakika za mwisho."

"Mungu ambariki," akasema. Akanipikia chai ya mdalasini.

Wiki iliyofuata ikaja barua yake, kurasa tatu za mwandiko mzuri, akiomba kura yake ihesabiwe kwa kuwa alianza kabla ya muda kwisha. Kamati ikakaa. Mzee akasema sheria ni sheria; walio tayari kuikataa rufaa wanyooshe mikono. Akanyoosha yeye, akanyoosha dada wa chekechea.

"Wewe unapinga?" mzee akaniuliza.

"Hapana."

"Unaunga mkono?"

Nikatazama dirishani. Akainama kwenye daftari la kumbukumbu, akaandika huku akitamka polepole: "Mjumbe mmoja hakushiriki."